Chagua Vizuri Chujio la Hewa la Pikipiki



Siku hizi pikipiki ni nyingi vijijini. Hapa Mikese utaziona tangu alfajiri kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dar es Salaam. Zinangoja abiria wanaoshuka kwenye mabasi. Nyingine zinakuja kutoka vijijini zimebeba ndizi, machungwa, mkaa, au mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Pikipiki ni mali. Wengine wameinunua kwa fedha za ufuta au mahindi. Wengine wanaiendesha kwa mkataba, na kila siku wanampelekea mwenye chombo hesabu yake. Injini ikifa kabla ya wakati, familia nzima inaumia.

Katika somo hili tutajifunza juu ya kifaa kimoja kidogo. Kifaa hicho ni chujio la hewa. Mafundi wengi huliita filta ya hewa. Bei yake ni ndogo, lakini likikosewa linaweza kuua injini yenye bei kubwa.

1. Pikipiki ya mama mmoja

Katika darasa letu la Mikese yupo mama mmoja mwenye pikipiki. Aliinunua baada ya mavuno ya ufuta. Mtoto wa dada yake ndiye anayeiendesha. Mama alikuwa akiweka fedha kidogo kidogo ili aezeke nyumba yake kwa bati.

Haukupita mwaka, pikipiki ikaanza kutoa moshi wa buluu. Ikawa inakula oili. Ilipopanda kilima ikiwa na mzigo, nguvu ziliisha. Fundi akaifungua. Akakuta silinda imelika, pistoni ina mikwaruzo, na ringi zimechakaa.

Fundi akauliza, "Chujio liko wapi?"

Katika kisanduku cha chujio kulikuwa na kipande cha godoro. Chujio la kwanza lilikuwa limechanika, na kijana akaona aweke sponji ya godoro ili asipoteze siku ya kazi. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu.

Fedha za bati zikaenda kununua silinda, pistoni na ringi.

Jioni ile mama alikuja darasani na vitu vitatu: chujio bovu, chujio jipya alilolinunua dukani mjini kwa bei nafuu, na chujio jingine jipya aliloazima kwa jirani mwenye pikipiki ya aina ile ile. Akaviweka mezani. Akasema, "Mwalimu, leo tusome hivi. Nataka kujua nimenunua nini."

Tukaacha kitabu, tukasoma vile. Somo hili limetokana na jioni ile.

2. Injini nayo inapumua

Petroli haiwaki bila hewa. Ukifunika kibatari kwa kopo, moto unazimika kwa kukosa hewa. Injini nayo ni hivyo. Inavuta hewa, inaichanganya na petroli katika kabureta, kisha mchanganyiko huo unawaka ndani ya silinda na kuisukuma pistoni.

Hewa inayohitajika ni nyingi mno. Ili kilo 1 ya petroli iwake vizuri, zinahitajika karibu kilo 15 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa. Pipa moja kubwa la mafuta ni lita 200. Basi lita 1 ya petroli inahitaji hewa ya kujaza mapipa 45.

Tufanye hesabu. Tuseme pikipiki inatumia lita 2 za petroli kwa siku.

Mapipa 45 × 2 = mapipa 90.

Kila siku injini ile inavuta hewa ya mapipa 90. Kama njia ina vumbi, vumbi lote la mapipa yale linataka kuingia ndani. Linalolizuia ni chujio peke yake.

3. Vumbi linafanya nini ndani ya injini?

Kina mama wanajua kusaga kwa jiwe. Nafaka ikikaa kati ya mawe mawili, inasagika. Katika injini, pistoni hupanda na kushuka mara maelfu kwa dakika. Kati ya pistoni na silinda pana utando mwembamba wa oili. Vumbi la mchanga likiingia hapo, linachanganyika na oili na kuwa kama msasa wa maji. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Basi zinakisaga chuma.

Vumbi baya zaidi siyo lile unaloliona kama punje. Ni lile laini, jembamba kuliko unywele, linalobaki hewani baada ya lori kupita. Hilo hupenya mahali padogo sana.

Silinda ikilika, oili hupanda na kuungua pamoja na petroli. Hapo ndipo utaona moshi wa buluu. Nguvu hupungua, na pikipiki huwa ngumu kuwaka asubuhi.

Upo ubaya wa pili. Chujio likijaa uchafu, hewa haipiti vya kutosha. Katika pikipiki yenye kabureta, petroli inazidi hewa. Utaona moshi mweusi. Plagi nayo inakuwa nyeusi kwa masizi. Petroli inakwisha upesi.

Kwa hiyo chujio lina kazi mbili. Lizuie vumbi, na lipitishe hewa. Chujio linalofanya moja tu kati ya hizo halifai. Ni kama chekeche la unga. Lenye matundu makubwa hupitisha pumba. Lililoziba halipitishi hata unga.

4. Aina tatu za machujio

*Chujio la karatasi.* Karatasi yake ni maalumu, imekunjwa mikunjo mingi. Mikunjo huongeza eneo la kupitishia hewa. Aina hii huchuja vizuri vumbi laini. Lakini halifuliwi. Likijaa, hutupwa na kununuliwa jipya. Yapo pia machujio ya karatasi yaliyotiwa mafuta kiwandani. Hayo hayapulizwi kwa upepo wala kufutwa. Hubadilishwa tu.

*Chujio la sponji.* Sponji hii imetengenezwa kwa kazi hiyo. Hutiwa oili kidogo ili vumbi linase. Ikichafuka hufuliwa, hukaushwa na kutiwa oili tena. Kwa njia za vumbi inafaa sana, ikiwa mwenyewe ana bidii ya kuifua. Sponji kavu isiyo na oili huacha vumbi laini lipite.

*Chujio la pamba.* Ni kitambaa cha pamba kati ya nyavu za waya. Nalo hutiwa oili maalumu na hufuliwa. Bei yake ni kubwa. Huhitaji sabuni na oili yake yenyewe, na vitu hivyo ni vigumu kupatikana kijijini.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge watakumbuka aina nyingine. Trekta nyingi na Land Rover za zamani zilikuwa na bakuli la oili. Hewa ilipita juu ya oili, vumbi likanasa humo. Dereva aliyesahau kubadilisha oili ile aliiharibu injini. Vyombo vimebadilika, lakini vumbi ni lile lile.

Je, uchague aina ipi? Chagua aina ile iliyokuja na pikipiki yako. Kisanduku na kabureta vilipimwa kwa aina hiyo.

5. Machujio yanayouzwa madukani

Ukienda duka la spea utakuta makundi matatu.

Kundi la kwanza ni machujio ya kampuni iliyounda pikipiki. Watu huyaita orijino. Bei yake mara nyingi ni ya juu.

Kundi la pili ni machujio ya viwanda vingine. Viwanda hivi haviundi pikipiki. Vinatengeneza spea na kuziuza kwa jina lao wenyewe. Hili siyo kosa. Baadhi ni mazuri sana na bei yake ni nafuu. Mengine ni dhaifu. Kazi yako ni kuyapambanua.

Kundi la tatu ni machujio ya bandia. Haya yametengenezwa na mtu mmoja, lakini yameandikwa jina la mwingine. Huo ni udanganyifu. Aliyeficha jina lake hatakuwepo siku injini itakapokufa.

Watu wengi huchanganya kundi la pili na la tatu. Husema kila kisicho orijino ni feki. Sivyo. Chujio la kiwanda kingine lenye jina lake halisi linaweza kukufaa. La bandia likatae, hata kama bei yake inapendeza.

6. Namna ya kuchagua dukani

Nenda na chujio lako la zamani. Usiende mikono mitupu. Kisha fanya hivi:

(a) *Soma boksi.* Soma jina la kiwanda, aina ya pikipiki, na namba ya spea. Soma herufi moja moja. Linganisha na maandishi ya chujio la zamani au ya kitabu cha pikipiki. Pikipiki mbili zenye jina moja lakini injini tofauti zinaweza kuwa na machujio tofauti.

(b) *Pima umbo.* Weka jipya juu ya la zamani. Urefu, upana na unene viwe sawasawa. Likipungua kidogo, hewa itapita pembeni bila kuchujwa. Likizidi, litajikunja na kuacha mwanya.

(c) *Bonyeza mpira wa ukingo.* Mpira huu ndio unaoziba kando. Uwe laini na urudi ukiubonyeza. Ukiwa mgumu kama plastiki, au una mapengo, weka chini.

(d) *Tazama mikunjo.* Iwe imesimama sawa na kulingana. Hesabu mikunjo ya la zamani, kisha hesabu ya jipya. Mikunjo ikiwa michache sana, chujio litajaa upesi. Angalia gundi pande zote. Pasiwe na mahali ilipoachia.

(e) *Mulika kwa tochi.* Weka tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Mwanga wa kufifia ulioenea ni mzuri. Ukiona kitone kikali cha mwanga kama nyota, hilo ni tundu.

(f) *Dai risiti na hifadhi boksi.* Ukidanganywa, vitu hivyo ndivyo ushahidi wako. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, hushughulikia ubora wa bidhaa. Tume ya Ushindani, yaani FCC, hushughulikia bidhaa bandia.

Muuzaji mwema hatakasirika ukimulika chujio. Akikasirika, nenda duka jingine.

7. Mambo ya kukataa

*Usiweke kipande cha godoro.* Sponji ya godoro haikutengenezwa kuchuja hewa. Tena hulika kwa oili na mvuke wa petroli. Inameguka, na vipande vinavutwa ndani ya kabureta.

*Usiendeshe bila chujio.* Wapo wanaosema pikipiki inakuwa nyepesi. Nyepesi hiyo ni ya siku chache. Hewa inazidi petroli, injini inapata joto kupita kiasi, na vumbi linaingia bila kizuizi.

*Usidanganywe na chujio la pia.* Hili hufungwa moja kwa moja kwenye kabureta, na kisanduku huondolewa. Vijana hulipenda kwa mlio wake, na huambiwa linaongeza nguvu. Lakini kabureta haikupimwa kwa chujio hilo. Pia likikaa wazi, linapokea vumbi la lori na matope ya masika. Ukivuka kijito chenye maji mengi, injini inaweza kuvuta maji.

8. Kulitunza

Kununua vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza.

Kitabu cha pikipiki hutaja ni baada ya kilomita ngapi ulisafishe au ulibadilishe chujio. Kwa njia za vumbi, fupisha muda huo. Kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, lifungue na kulitazama kila wiki kama unafanya kazi kila siku.

Chujio kavu la karatasi ligonge taratibu juu ya ubao ili vumbi lidondoke. Ukitumia upepo, uwe mdogo, na utoke ndani kwenda nje. Upepo mkali wa mashine ya kujazia matairi hutoboa karatasi. Usilifue kwa maji. Usilifue kwa petroli.

Sponji ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ibonyeze. Usiisokote kama nguo, itachanika. Isuuze, uikaushe kivulini. Kisha itie oili maalumu ya sponji, au oili safi ambayo kitabu kinaruhusu. Ibonyeze tena, oili iliyozidi itoke. Usitumie petroli kuifua. Petroli huharibu gundi ya sponji, na inaweza kuwaka ikakuunguza. Usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini.

Kabla ya kulirudisha, futa ndani ya kisanduku kwa kitambaa kibichi. Tazama kama kisanduku au bomba la kwenda kwenye kabureta lina ufa. Chujio zuri ndani ya kisanduku kilichopasuka halisaidii kitu.

Kisha baada ya siku chache fanya jaribio hili. Chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya bomba baada ya chujio, upande wa kabureta. Kitambaa kikitoka safi, chujio linafanya kazi. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja. Tafuta mahali hapo upesi.

9. Rahisi yaweza kuwa ghali

Tufanye hesabu kwa bei za mfano.

Chujio A ni shilingi 4,000. Linadumu mwezi 1.
Chujio B ni shilingi 10,000. Linadumu miezi 3.

Kwa miezi 3, chujio A litanunuliwa mara 3:
4,000 × 3 = shilingi 12,000.

Chujio B litanunuliwa mara 1:
10,000 × 1 = shilingi 10,000.

Chujio B ni nafuu kwa shilingi 2,000. Na hapo hatujahesabu petroli inayopotea, siku za kukaa kwa fundi, wala bei ya silinda. Hesabu hizo uzifanye kwa bei za kwenu.

10. Jioni ile darasani

Turudi kwa mama yetu. Tulilinganisha machujio yake mawili mapya. Kwa mbali yalifanana. Rangi ya boksi ilikuwa moja. Picha ilikuwa moja.

Tulipomulika kwa tochi, lile la bei nafuu lilikuwa na vitone viwili vya mwanga kwenye ukingo, mahali ambapo gundi haikushika. Mpira wake ulikuwa mgumu.

Kisha mama akachukua maboksi yote mawili. Akasoma jina la la jirani polepole, kwa kidole. Akasoma jina la lile lake. Akarudia. Akainua uso.

"Mwalimu," akasema, "hapa herufi moja haipo."

Tukatazama sote. Ilikuwa kweli. Aliyeliiga jina la kiwanda alikuwa ameacha herufi moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelishika boksi lile mara mbili, na sikuona. Nilikuwa nimesoma kwa mazoea. Yeye alisoma kila herufi.

Miaka miwili kabla ya hapo mama huyu alikuwa akiweka dole gumba kwenye karatasi. Asubuhi yake alikwenda dukani pamoja na kijana wake, akiwa na boksi na risiti. Alionyesha tofauti. Muuzaji akarudisha fedha. Mama akaongeza kidogo, akanunua chujio la kiwanda kingine chenye jina lake halisi, baada ya kulimulika mbele ya muuzaji.

Nyumba yake bado ina makuti. Bati atalianza upya. Lakini ukutani ametundika daftari. Kijana huandika tarehe kila anaposafisha chujio, na mama huisoma kila Jumamosi. Wiki ambayo hakuna tarehe, kijana anaulizwa kabla ya kupewa chai.

Mambo ya kukumbuka

1. Injini inavuta hewa nyingi sana. Chujio peke yake ndilo linalozuia vumbi.
2. Nunua aina inayolingana na pikipiki yako.
3. Chujio la kiwanda kingine linaweza kufaa. La bandia halifai.
4. Soma, pima, bonyeza, hesabu, mulika, dai risiti.
5. Kipande cha godoro siyo chujio.
6. Safisha mara nyingi zaidi wakati wa vumbi, na andika tarehe.

Maswali

1. Moshi wa buluu unaonyesha nini? Moshi mweusi je?
2. Kwa nini chujio la karatasi halifuliwi?
3. Eleza tofauti ya chujio la kiwanda kingine na chujio la bandia.
4. Pikipiki inatumia lita 3 za petroli kwa siku. Inavuta hewa ya mapipa mangapi?
5. Mama alitambuaje kuwa chujio alilonunua ni la bandia?

Kazi ya kikundi

Mwombeni mwenye pikipiki mmoja kijijini awafungulie kisanduku cha chujio. Litazameni kwa tochi. Futeni bomba kwa kitambaa cheupe. Kisha jadilini: Je, pikipiki hii iko salama? Ifanyiwe nini leo, kabla haijaharibika?